Uchoraji wa njozi na upigaji picha vifundishwe katika darasa moja

Kwa Mhariri,

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia gredi ya 10 na kugawanyika katika mikondo mitatu, hapa Lamu yamekuwapo maswali mengi kuhusu mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wazazi wanaokuja kuniomba ushauri wana wasiwasi mmoja: mtoto aliyejaliwa mkono wa kuchora au jicho la kupiga picha atafundishwa nini hasa, na kitamfaa wapi? Swali hilo ni la haki. Nimefundisha sanaa katika kaunti hii hadi nilipostaafu, na ningependa kulijibu hadharani kwa kutetea jambo moja ambalo naona halijapewa uzito wake. Uchoraji wa njozi, yaani wa mashujaa, majini na miji isiyokuwapo, na upigaji picha wa maisha halisi ni matawi mawili ya fani moja ya kusimulia kwa picha, na mwanafunzi anayefundishwa tawi moja pasipo lingine hutoka akiwa nusu fundi.

Kwa kawaida mambo haya hutenganishwa. Mchoraji huwekwa ndani na penseli zake akaachiwa atoe vitu kichwani. Mpiga picha hutumwa nje na simu au kamera akaambiwa alete alichokiona. Hudhaniwa kwamba wa kwanza hana haja ya ukweli na wa pili hana haja ya ubunifu, na madhara ya dhana hizo yanaonekana wazi katika kazi za vijana wetu.

Nianze na mchoraji. Mwambie kijana wa Lamu akuchoree Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani yetu, naye atakuletea mtu mwenye misuli iliyovimba, joho linalopepea mgongoni na upanga mkubwa unaong'aa, kama alivyowaona mashujaa wa sinema na wa michezo ya simu. Kipaji anacho, alichokosa ni kuitazama pwani anakoishi. Liyongo tunayemjua katika utendi ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa, mwenyeji wetu aliyekuwa pia mwandishi wa hati na mchonga milango, ni mtu wa uta na mishale. Ndiye aliyeangusha makoma, matunda ya mkoma, kwa kuyalenga kutoka chini, kwa sababu alijua kwamba wenzake wa kikoa, yaani wa kula pamoja kwa zamu, wamepanga kumfuma akishaupanda mti. Ndiye aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, mkate ambao walinzi waliudharau wakamwachia, huku mlio wa tupa ikikata minyororo ukimezwa na ngoma ya gungu iliyokuwa ikichezwa nje. Mchoraji hawezi kuyatoa haya hewani. Inambidi ajue mkoma unavyosimama, mkate wa wishwa unavyomeguka, na mtu anavyoinamisha bega anapopiga tupa kwenye chuma. Na njia ya kuyajua ni kwenda kuyatazama na kuyapiga picha kabla ya kunoa penseli.

Halafu iko ile picha ya mwisho ya utendi. Baada ya kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, Liyongo alichukua uta wake akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, na roho ikamtoka akiwa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai na amekasirika, na kwa hofu hiyo wakakaa bila maji, kila mmoja akiogopa kusogea, hadi maiti ilipoanguka yenyewe. Nimeitumia sana sehemu hii kufundishia, kwa kuwa sijui nyingine inayoeleza vizuri zaidi kazi ya picha. Picha haina mwendo wala pumzi. Ina mkao tu. Mtazamaji ndiye anayeutia mkao huo uhai na kisa, na anaweza kuusoma vibaya kama walivyousoma watu wale.

Kwa hiyo mchoraji ana maamuzi ya kufanya kabla hajagusa karatasi. Je, asimame upande wa kisima, ambapo msomaji ataliona jicho lisilopepesa na kujua papo hapo kwamba mtu huyu amekwisha kufa? Au asimame nyuma ya wateka maji wenye mitungi mitupu, ili msomaji aogope pamoja nao? Michoro hiyo miwili ina watu walewale na mahali palepale, na bado ni visa viwili. Mpiga picha naye hana swali kubwa kuliko hilo la wapi asimame, na ndiyo maana nasema darasa lao ni moja.

Wachoraji waliobobea katika njozi walilijua hili. Howard Pyle wa Marekani, aliyesifika kwa michoro ya maharamia na mashujaa wa kale, alifungua shule yake ya uchoraji mjini Wilmington mwaka 1900, na pamoja na kuwataka wanafunzi waingie kwa mawazo ndani ya tukio lenyewe aliwachoresha wakitazama watu waliovalia mavazi ya zama zilizokusudiwa. Anayetaka kuona kinachotokea jicho lisipokuwapo na autazame mchoro wa kifaru alioutoa Albrecht Dürer wa Ujerumani mwaka 1515. Mnyama huyo alikuwa amefikishwa Lisbon kutoka India, lakini Dürer hakumwona. Alipata habari zake kwa maandishi na kwa mchoro wa haraka wa mtu mwingine, akamvika mabamba yanayofanana na deraya na kumwotesha pembe ndogo ya pili mabegani. Mchoro huo ni mzuri mno, nao uliigwa katika vitabu vya Ulaya kwa muda wa zaidi ya karne mbili, makosa na yote.

Majirani zetu wa Malindi wana kisa kilicho karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga katika kasri la Mfalme Yongle wa China. Mwaka uliotangulia, twiga mwingine aliyetolewa zawadi na mtawala wa Bengal alikuwa amekwisha kuchorwa huko pamoja na mtunzaji wake, na maandishi ya Shen Du yaliyo juu ya mchoro huo yanamwita qilin, mnyama wa ngano za Wachina ambaye huaminika kwamba hujitokeza zama za mtawala mwadilifu. Tofauti na Dürer, mchoraji huyu alimchora mnyama aliyekuwapo mbele ya watu: shingo ni ya twiga, miguu ni ya twiga, kamba iko mkononi mwa mtunzaji. Ni maneno yaliyoandikwa juu yake yanayomgeuza mnyama wa nyika zetu kuwa muujiza wa kumsifu mfalme. Ningependa kila mwanafunzi wa upigaji picha atazame mchoro huo kwa makini kabla ya kuandika maelezo chini ya picha yake ya kwanza.

Sasa nije kwa mpiga picha, ambaye nafikiri ndiye tuliyemdekeza zaidi. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo, na hata kabla yake, umepigwa picha na karibu kila mgeni aliyeshuka gatini. Picha zenyewe tumezihifadhi kwa moyo: punda kichochoroni, mlango wa nakshi, mwanamke wa buibui akipita mbele ya ukuta uliobabuka, tanga la jahazi jua likizama. Sina ugomvi na punda wala na jua. Lakini zipange picha hizo ukutani, kisha umuulize mtu kumetokea nini Lamu, naye hatakuwa na la kujibu; hamna ndani yake anayetaka kitu, hamna kinachomzuia, na hamna kilichobadilika kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Vijana wetu wenye simu nzuri wamezipokea kama kanuni, wakawa wanautazama mji wao kwa macho ya mtu atakayeondoka kesho.

Mwanafunzi akitumwa Matondoni, ambako vyombo vya mbao bado huundwa na kukarabatiwa ufuoni, asirudi na picha moja nzuri ya jahazi. Arudi na picha ya mbali inayoonyesha chombo kilipo kati ya kijiji na maji, ya fundi akichagua ubao, ya mikono ikitia kalafati kuziba nyufa za mbao, ya uso wa fundi anapokagua mstari uliokataa kunyooka, ya kijana anayejifunza kazi, au, kama hayupo, ya mahali ambapo angesimama, na ya siku chombo kinaposhushwa baharini. Kila picha iwe na maelezo mafupi yanayosema ni nani, ni wapi, ni lini na anafanya nini. Mpangilio wa namna hiyo hauji wenyewe. Aliyekwisha kuchora ukurasa wa katuni, akajifunza nini kichorwe kisandukuni na nini kiachwe katika nafasi tupu iliyo kati ya kisanduku na kisanduku ili msomaji akijaze, huupata upesi kuliko aliyeshika kamera peke yake.

Au tuchukue bandari mpya ya Lamu. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na miaka mitatu kabla yake Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Takwimu hizo zimeandikwa mara nyingi. Ziko wapi picha, zilizopigwa na mtoto wa mvuvi mwenyewe, zinazoonyesha baba anaamka saa ngapi siku hizi, anavua wapi, anarudi na nini, na kile kilicho ndani ya dema, mtego wake wa samaki, kinatosha watu wangapi?

Isidhaniwe kwamba kamera ikishaelekezwa kwenye jambo la kweli basi kazi imekwisha. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja mhamaji pamoja na wanawe katika kambi ya wavunaji njegere huko Nipomo, California. Alipiga kadhaa. Zile za mbali zinaonyesha hema na vyombo vya nyumbani. Ile iliyopata umaarufu imesogea hadi hapana kinachobaki ila uso wa mama, watoto wawili waliotugeuzia visogo na kichanga mapajani. Baadaye kidole gumba kilichokuwa kimejitokeza pembeni mwa picha kikafifizwa katika negativu, yaani filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwayo, kwa kuwa kilimkera mpiga picha. Jina la mwanamke huyo, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa umma hadi mwaka 1978, alipojitokeza mwenyewe na kulalamika kwamba picha hiyo haikumfaidi hata senti moja. Mwanafunzi wa Lamu anahitaji kuyajua yote: ufundi wa kusogea, kishawishi cha kufuta, na haki ya yule aliyepigwa picha.

Wapo watakaosema kwamba kuchanganya njozi na uhalisia chini ya paa moja ni kuwafundisha vijana uongo. Naona ni kinyume chake. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley nchini Uingereza, wasichana wawili, Elsie Wright na binamu yake Frances Griffiths, walichora vizimwi vidogo vyenye mabawa, wakavikata na kuvisimamisha majanini kwa pini za kofia, kisha wakapigana picha navyo. Mtaalamu wa picha aliyeombwa kuzikagua alisema hazikuchezewa, na mwandishi maarufu Arthur Conan Doyle akazichapisha mwaka 1920 kama ushahidi. Ukweli haukukiriwa na wasichana hao hadi mwaka 1983, wakiwa vikongwe. Nadhani kosa la mtaalamu yule lilikuwa kutafuta hila ndani ya negativu, ilhali hila ilikuwa imesimama mbele ya lenzi kwa umbo la karatasi. Elsie alikuwa mchoraji, na aliwahi kufanya kazi kwa mpiga picha. Alizijua fani zote mbili, na waliomkagua waliijua moja. Siku hizi, ambapo programu ya kompyuta inaweza kutunga uso wa mtu asiyewahi kuzaliwa, na ambapo mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alishinda kipengele cha tuzo ya picha ya Sony kwa taswira ya namna hiyo kisha akaikataa tuzo yenyewe, sioni jinsi tutakavyomlinda kijana kwa kumnyima ujuzi wa kuunganisha picha.

Ujuzi huo si mgeni hapa. Marehemu Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio mjini Lamu, alijulikana kwa kukata na kuunganisha picha za wateja wake hadi zikawa kama ndoto. Hakukuwa na aliyedanganywa, kwa sababu mteja alikwenda pale akijua anataka njozi na akalipia njozi. Mpaka ninaotaka ufundishwe ni huo huo: kilichobuniwa kitajwe kuwa kimebuniwa, na kilichopigwa kama kilivyokuwa kiachwe kama kilivyokuwa.

Liko jambo jingine ambalo mwalimu wa kutoka bara anaweza kulipita haraka, nami siwezi. Masheikh wetu wana kauli tofauti kuhusu kuchora viumbe vyenye roho, na ziko nyumba Lamu ambazo haziruhusu kabisa. Mtoto wa nyumba hiyo asilazimishwe, wala asifukuzwe darasani. Ufundi wa mji huu umesimama kwa karne nyingi juu ya milango, zidaka za ukutani na hati zisizo na umbo la mtu hata mmoja, na Kijumwa mwenyewe alikuwa fundi wa milango na wa hati. Zoezi ambalo nimeliona likizaa kazi bora kuliko yote ni kumtaka mwanafunzi asimulie kifo cha Liyongo bila kuchora uso wala mwili: sindano juu ya mkeka, alama za nyayo kuelekea kisimani, mitungi iliyopangwa ikiwa mikavu, uta uliolala ardhini. Zoezi hilo hilo hufanywa kwa kamera, ambapo maisha ya nyumba husimuliwa kwa viatu vya mlangoni, mbuzi ya kukunia nazi na kitanda cha kamba. Wale wasio na kizuizi chochote cha dini nao hufaidika, kwa kuwa uso wa mtu ni njia ya mkato ambayo mwanafunzi mvivu huikimbilia.

Na pale ambapo uso unapigwa, idhini ije kwanza. Mama anayepita mtaa wa Langoni na mtungi wake si pambo la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka kibali cha mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni mojawapo. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila kibali hicho. Naomba somo la kwanza la kamera liwe somo la kubisha hodi.

Kuhusu gharama sina mengi. Simu ya kawaida, karatasi, penseli na mwalimu anayejua anachokitafuta vinatosha kuanzia. Walimu wenzangu wa kisiwani nawapendekezea kazi moja ya muhula mzima. Wapelekeni wanafunzi Takwa, ng'ambo ya pili kule Manda, mji ulioachwa na wenyewe katika karne ya 17 na ambao leo umebaki kuta, msikiti wenye nguzo yake ndefu, na mibuyu. Walimu wa Malindi wanayo Gede, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na kazi ni ileile. Siku ya kwanza mwanafunzi apige picha za mahali hapo jinsi palivyo, pamoja na mizizi, takataka na kibao cha maelezo. Kisha achore mji huo ukiwa na watu, akisimama palepale alipopigia picha, na kwa kila kitu alichokichora aweze kumwambia mwalimu kama kimetoka katika picha zake, katika maelezo ya wazee na watu wa makumbusho, au kichwani mwake. Aruhusiwe kubuni kadiri apendavyo, hata akipenda jini akae juu ya ile nguzo, ilimradi aweze kusema ni wapi alipoanza kubuni. Kazi hizo zitundikwe mbili mbili, picha na mchoro, katika Ngome ya Lamu, jengo lililokamilika mwaka 1821 na ambalo limekwisha kupokea maonyesho mengi ya wageni.

Kwa gazeti lako, Mhariri, ombi langu ni dogo. Mara moja kwa juma litengwe pembe ya ukurasa kwa ajili ya picha moja na mchoro mmoja wa mahali palepale, kazi ya mwanafunzi mmoja, na chini yake maelezo yake mwenyewe yanayosema kipi alikiona na kipi alikibuni. Niko tayari kuzikusanya kazi za shule za huku, kuhakikisha idhini za wazazi zimetiwa saini, na kuzituma kwa wakati utakaoupanga.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Mkomani, Lamu